Ataijaza

Baiskeli zilikuwa zimening'inizwa kwa magurudumu ya mbele, moja nyuma ya nyingine, kama mbuzi katika bucha siku ya sikukuu. Mirriam alisimama mlangoni mwa kibanda cha Wehliye, nyuma ya soko la Muthurwa, mkoba ameubana kwapani, akazitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuchagua vitambaa. Nyingi zilikuwa za watoto. Nyingine zilikuwa na vikapu mbele na kengele kubwa kubwa. Alizipita zote kwa macho, akitafuta zile mbili alizoambiwa kwenye simu.

“Karibu, mama. Keti kwanza,” alisema Wehliye. Alivuta ndoo, akaipindua, akaanza kuipangusa kwa kitambaa alichofutia minyororo. Kisha akakitazama kile kitambaa, akakigeuza, akapangusa upya kwa upande uliokuwa safi.

Mirriam aliuona upande ule safi. Alikuwa mtu wa kuona mambo kama hayo, na akishayaona hakuyasahau. Aliketi.

“Shirleen uliyenitajia kwenye simu hakuja?” Wehliye aliuliza.

“Yuko shuleni. Wana mtihani wa majaribio, na simu hawaruhusiwi. Uliposema zitaisha leo, nikaona nije mwenyewe.”

“Zitaisha, wallahi. Kontena ilifunguliwa asubuhi. Hizi za graveli huwa haziji kabisa, na leo zimekuja mbili. Kuna kijana wa Umoja amekwenda kutafuta pesa. Akirudi, moja haipo.”

Graveli. Neno hilo Mirriam alikuwa amelijua mwaka huohuo. Ni baiskeli ya mashindano, yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume, ila tairi zake ni pana na fremu yake imetengenezwa ivumilie vumbi na kokoto. Shirleen ndiye aliyemweleza, siku moja akiosha vyombo, akachora baiskeli hewani kwa vidole vilivyojaa povu. Mirriam hakuelewa hata nusu. Alichoelewa ni ule uso.

Shirleen alikuwa mjukuu wake, mtoto wa Lydiah. Lydiah alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na majirani wa Mbotela wakaendelea kumwita Mirriam Mama Lydiah, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa jina. Mtoto alikulia chini ya meza ya cherehani, akicheza na vifungo, huku bibi yake akishona sare za shule juu ya kichwa chake. Alipofika kidato cha pili alijiunga na kikundi cha Munene, kijana wa Dandora aliyewafundisha watoto wa mtaa kuendesha baiskeli. Baiskeli zilikuwa chache, nzito na za kila aina, na watoto walizipanda kwa zamu. Hata hivyo haikuchukua muda kuonekana kwamba Shirleen alikuwa na kitu. Munene mwenyewe alikuja kibandani kwa Mirriam, akavua kofia, akamwita bibi kama Shirleen alivyomwita, akasema, “Shosho, sisi tukipanda mlima tunatafuta pumzi. Huyu wako anatafuta mlima mwingine.”

Kisha ikaja habari ya timu. Timu ya wasichana, yenye wafadhili wake, ilikuwa ikitafuta wawili kutoka mitaa ya Eastlands. Watakaochaguliwa wangepewa mahali pa kulala, mwalimu, karo ya chuo, na safari za mashindano. Majaribio yangefanyika katika barabara za vumbi nyuma ya Ruai. Msichana awe hajatimiza miaka kumi na minane, na aje na graveli yake mwenyewe. Hawakutaka za kuazima, kwa sababu za kuazima hurudishwa, na anayezirudisha hubaki bila ya kufanyia mazoezi. Shirleen angetimiza miaka hiyo Desemba. Kwake hakukuwa na mwakani.

Mirriam na mjukuu wake walikuwa wamekwenda kwanza kwenye duka la baiskeli mpya, upande wa pili wa jiji. Mirriam alivaa koti lake la kanisani. Askari wa mlangoni aliviona viatu vyao vikiwa na vumbi, akawafungulia mlango kama anavyowafungulia wengine, na hilo Mirriam alilichukua akaliweka moyoni. Kijana wa dukani alimruhusu Shirleen aketi juu ya moja. Aliketi. Mikono yake ikafika kwenye usukani bila kuitwa, mgongo ukalala vizuri, akatulia pale kama ndege aliyefika tawi lake. Kisha Mirriam akaigeuza ile karatasi ndogo ya bei, akaisoma, akairudisha taratibu ilivyokuwa, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

“Tutatafuta mtumba, Shosho,” Shirleen alisema walipotoka nje. “Hata mtumba ni fiti. Rangi isikudanganye tu. Tukienda tunaangalia fremu kwanza. Ikiwa na ufa tunaachana nayo. Tairi ziwe pana. Breki ziwe za diski. Gia zikisumbua, Munene atazifanyia kazi.”

Tukienda, alikuwa amesema. Hakuwahi kudhani kwamba bibi yake angekwenda peke yake, kwa hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitaja. Mtu hamwambii mwenzake jambo ambalo mwili wake mwenyewe utalijibu.

Pesa zilitoka kwenye chama cha kuchangiana cha wanawake wenye vibanda. Zamu ya Mirriam ilikuwa bado mbali. Iliyokaribia ilikuwa ya Batulo, muuza vitambaa jirani yake, naye alikuwa akiingoja ili aezeke upya kibanda chake kabla ya mvua. Mirriam hakumwomba. Batulo alisikia tu, akaja akasimama mbele ya cherehani, akasema, “Mama Lydiah, chukua yangu, mimi nitachukua yako. Mabati hungoja, umri haungoji.” Akaondoka kabla hajashukuriwa.

Sasa pesa hizo zilikuwa ndani ya mkoba, kwapani, zikipata joto.

Wehliye aliziteremsha zile baiskeli mbili, akazisimamisha ukutani. Moja ilikuwa ya buluu, fremu ya chuma, ndogo, imekwaruzwa huku na huku; utepe wa usukani ulikuwa umefumuka, na kiti kimepasuka kikaonyesha sponji. Ya pili ilikuwa ya kijani kibichi, ndefu, nyepesi, inang'aa kana kwamba mwenyewe huko Ulaya aliinunua, akaiogopa, akaifungia stoo.

Mirriam aliinuka. Alipitisha ukucha kwenye viungo vya fremu, polepole, kama anavyotafuta uzi uliokatika. Ya buluu haikuwa na ufa. Ya kijani haikuwa na ufa. Alibonyeza tairi. Alitazama diski za breki. Kila alichoambiwa atazame, alikitazama, na zote mbili zikafaulu.

“Huyo binti ana urefu gani?” Wehliye aliuliza.

“Ananifika hapa.” Mirriam aligusa bega lake.

“Basi yake ni ya buluu.”

“Na bei?”

“Bei moja. Ya buluu ni nzuri kwa kazi, kelele za rangi achana nazo. Ya kijani ni kubwa, na watu warefu wenye kutaka baiskeli kama hizi si wengi. Nisipoiuza haraka itanilalia.”

Bei moja. Mirriam alizitazama tena. Tangu ujana wake alikuwa akishona sare, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkatia mtoto kitambaa cha kumtosha. Kila Januari wazazi walijaa kibandani, wakisukumana, na kila mmoja akisema neno lilelile: “Mama Lydiah, iachie.” Naye aliiachia. Upindo wa vidole vitatu chini ya sketi, vidole viwili kwenye mikono, nafasi mbavuni. Mtoto alikwenda shuleni siku ya kwanza akiwa amepotea ndani ya sweta, wenzake wakamcheka, na mwaka uliofuata sweta likamkaa, na mwaka wa tatu likawa bado linavalika. Kununua kinachotosha leo kilikuwa kitu cha watu wenye pesa za kesho. Kumnunulia mtoto kikubwa kulikuwa ni kumwambia, bila maneno, kwamba unatarajia awepo, aendelee, anenepe, arefuke.

Tena ya buluu ilikuwa imechakaa. Akilini alimwona Shirleen katikati ya wasichana wa mitaa mingine, juu ya kile kiti kilichopasuka.

“Nipe ya kijani,” alisema.

Wehliye alikuna ndevu. “Mama, baiskeli si sweta.”

“Ana miaka kumi na saba. Bado ni mtoto. Ataijaza.”

“Ataijaza na nini? Mifupa ya miguu haiongezwi kitambaa.”

“Wewe unataka kuuza au unataka kubishana?”

Wehliye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. “Nataka kuuza, mama. Sitaki tu uje kunilaumu.” Aliteremsha kiti mpaka mwisho, akakaza. “Sikiliza. Ikimsumbua, irudishe. Kama ya buluu itakuwa bado ipo, tutabadilishana, sitakudai kitu.”

Hilo nalo Mirriam aliliona, akalishukuru. Alihesabiwa chenji, akaishika ile baiskeli kwa usukani, akatoka nayo.

Aliisukuma kwa miguu kando ya Jogoo Road mpaka Mbotela. Ilimfuata vizuri, ikitoa mlio mdogo wa meno ya chuma, kama panzi. Vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha kivulini walimwona kwa mbali.

“Shosho, leo ni mbio za wapi?”

“Mathe, nibebe basi! Nitalipa mbele!”

“Umekataa nauli zetu kabisa?”

“Nimezikataa,” Mirriam alijibu bila kusimama. “Na kesho nitaanza kuwabebea abiria wenu. Jitayarisheni kulima.”

Walipiga makofi, wakapiga honi. Mmoja aliondoka kwenye pikipiki yake, akausimamisha msururu wa magari kwa mkono ili yule bibi na baiskeli yake wavuke. Mirriam alivuka akiwa ameinua kichwa. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu ajisikie hivyo, kwamba kitu fulani kizuri kiko mbele na yeye ndiye anayekisukuma.

Shirleen aliporudi kutoka shuleni, baiskeli ilikuwa imesimama katikati ya chumba, imefutwa vumbi. Msichana alisimama mlangoni, begi bado mgongoni. Macho yake yalianzia kwenye kiti, yakatembea polepole juu ya lile bomba refu la fremu mpaka kwenye usukani, yakarudi. Mirriam alidhani ni furaha iliyomkaba.

“Ni kubwa,” Shirleen alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Kubwa nzuri, sivyo? Kulikuwa na nyingine, ndogo, lakini imechoka, kiti kimepasuka. Bei moja! Nikasema hapana, mtoto wangu hataenda na mtumba wa mtumba.”

“Ndogo kiasi gani, Shosho?”

“Kidogo tu. Ungeimaliza mwaka huu huu.”

Shirleen aliweka begi chini. Alikwenda akamkumbatia bibi yake, akamkumbatia kwa muda mrefu, uso ameuficha begani ambapo hakuna aliyeuona. “Ni poa sana,” alisema mle begani. “Ni poa kabisa. Asante, Shosho.”

Wiki ile alifanya mazoezi kila alfajiri kabla ya shule. Mirriam alimsikia akitoka, akaomba, akalala tena. Aliporudi, mtoto alikuwa akizungusha shingo huku na huku, na mezani alikishika kikombe kwa viganja viwili badala ya vidole.

“Inakuumiza?”

“Ah, wapi. Ni mazoezi tu. Iko sawa.”

Jumapili, walipotoka kanisani, Shirleen alipanda baiskeli kwenda Dandora kwa Munene, na Mirriam akasimama kando ya barabara kumtazama akienda. Katika kazi yake, alipotaka kujua kama nguo imemkaa mtu, hakumtazama usoni, maana uso wa mteja unaweza kusema lolote. Alimwambia ageuke. Sasa mtoto alikuwa amegeuka mwenyewe. Blauzi ilikuwa imevutika kutoka bega hadi bega mpaka mshono ukataka kufumuka. Mikono ilikuwa imenyooka kabisa, kama ya mtu anayekitafuta kitu juu ya kabati. Nyonga zilicheza kushoto, zikacheza kulia, kila mguu ukinyanyukia ncha ya kidole kuifuata pedali.

Mirriam alibaki pale mpaka mtoto alipopotea kwenye kona. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi alimuuliza kama anajisikia vizuri, akampisha kwenye kigoda chake. Aliketi kidogo, akashukuru, akaenda nyumbani.

Jioni alitoa sketi ya shule ya Shirleen aipige pasi. Aliishona mwenyewe, mtoto alipokuwa akiingia kidato cha pili. Aliigeuza ndani nje, na mkono wake ukasimama. Upindo ulikuwa pale, vidole vitatu kamili, kama alivyouacha. Haukuwa umewahi kufumuliwa. Nje, kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni. Mle ndani ya mkunjo kilikuwa bado na rangi yake nzito ya dukani, rangi ya kitu kinachongoja. Mtoto alikuwa amemaliza kukua tangu wakati ule, chini ya macho yake, na sketi ilijua, na yeye aliyeishona hakujua. Alikuwa akimtazama kila siku yule msichana mrefu zaidi atakayekuja, akamkosa huyu aliyekuwepo.

Aliizima pasi. Kesho yake alfajiri alikuwa Muthurwa kabla Wehliye hajafungua.

“Ya buluu ilitoka siku ile ile, mama,” alisema Wehliye, akiwa bado ameshika kufuli. “Ulipoondoka tu, kijana wa Umoja akaingia.”

“Mpigie. Nitaongeza kitu.”

Wehliye hakusema *nilikuambia*. Mirriam alilingoja neno hilo, na lilipokosa kuja, likamuuma zaidi. Wehliye alitoa simu, akapiga, akaongea, akasikiliza. Alipomaliza aliiweka simu mfukoni polepole. “Ameipeleka kwao Kitale, kwa ndugu yake. Hairudi.”

“Na ukiinunua ile ya kijani tena, nipate nyingine yoyote ndogo?”

“Nyingine yoyote sina. Kontena ijayo ni baada ya mwezi, na sijui itakuwa na nini. Majaribio ni lini?”

“Jumamosi.”

Wehliye akamwambia ailete. Shirleen alipotoka shuleni waliileta wote wawili, na yule mwanamume akaipindua, akafungua shingo ya usukani, akatafuta katika masanduku yake mpaka akapata fupi, akaifunga. Alisukuma kiti mbele hadi kilipogoma. Alifanya hivyo mpaka wenzake wakafunga vibanda, na Mirriam alipofungua mkoba, Wehliye aliufunga kwa mkono wake.

“Nimepunguza, mama. Kuponya sikuweza. Fremu ni fremu.”

“Iko sawa kabisa sasa,” Shirleen alisema haraka, akimtazama bibi yake. “Unaona, Shosho? Ilikuwa inahitaji kukazwa tu.”

Mirriam alijibu kwamba anaona.

Jumamosi, Munene aliazima pikapu ya shemeji yake. Batulo alileta chupa ya chai na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi, za kumtosha kila mtu atakayekuwepo. Huko nyuma ya Ruai, barabara ya vumbi ilikuwa imezungushiwa utepe: mlima mmoja mrefu, mteremko wenye kokoto, kona, kisha tambarare, na wasichana wangezunguka mara kadhaa. Walikuwa kama ishirini hivi. Mirriam aliwapita wote kwa macho kama alivyozipita baiskeli za Wehliye. Alimwona msichana mmoja, Kate, kutoka Kayole, fremu yake imechomelewa na kupakwa rangi mbili zisizopatana, lakini alikuwa ameketi juu yake kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha kwao. Alipomwona, Mirriam alitazama pembeni.

Filimbi ilipigwa.

Mzunguko wa kwanza, vumbi lilipotulia kileleni, aliyeonekana mbele alikuwa Shirleen. Peke yake. Munene alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mwanamke wa timu, aliyevaa kofia pana, aliinua miwani yake, akauliza, “Huyo wa kijani ni nani?” na mtu akamtajia jina. Mirriam alilisikia jina la mjukuu wake likitamkwa na mgeni, akashika utepe kwa mikono miwili. Kwa muda ule mfupi alidhani kwamba labda alikosea kukata tamaa, kwamba huenda mtoto ana nguvu za kuijaza fremu hata bila mifupa.

Mzunguko wa pili alikuwa wa nne. Mzunguko wa tatu wasichana walishuka ule mteremko wa kokoto, mmoja, mwingine, kundi, na wa kijani hakuwemo. Vumbi likatulia. Kisha akatokea kileleni, akaanza kushuka, na hata kwa mbali Mirriam aliona kwamba mikono ile iliyonyooka ilikuwa haifanyi kazi tena. Baiskeli ilishika kasi. Msichana alikuwa akitazama breki zake kama mtu anayetazama vidole vya mtu mwingine. Kona ilifika. Hakupinda. Aliingia mtaroni pamoja na baiskeli.

Mirriam hakukumbuka alivyofika pale. Alipofika, Shirleen alikuwa amekwisha kusimama, goti linavuja damu, anaivuta baiskeli itoke. “Bado mzunguko mmoja,” alisema. Alipanda. Mguu ukatafuta pedali, ukaikosa, ukaitafuta tena, ukaipata. Akaenda.

Alimaliza. Utepe ulikuwa unakunjwa, lakini kijana aliyeukunja alimwona akija, akaurudisha, akaushika wima kwa mkono mpaka alipopita. Kate, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa kati ya wawili waliochaguliwa, alikuja na chupa yake ya maji, akachuchumaa, akaliosha lile goti.

Mwanamke wa kofia naye alikuja. Alikuwa na uso mwema, na hilo halikusaidia. “Miguu anayo,” alimwambia Munene. “Nimeiona. Mwambie ajaribu mwa…” Kisha akaitazama karatasi aliyoshika, akaona tarehe ya kuzaliwa, akaikunja. Alimshika Shirleen bega, akalibonyeza, akaenda zake.

Walirudi nyuma ya pikapu, Mirriam na Shirleen wameketi chini, migongo kwenye bati, baiskeli imelazwa kwa ubavu mbele yao. Munene aliendesha polepole kuliko ilivyohitajika. Sambusa za Batulo zilibaki zimefungwa.

“Ni tairi, Shosho,” Shirleen alisema ghafla.

Mirriam aligeuka kumtazama.

“Ile kokoto ilikuwa imelegea. Tairi zilikuwa zinateleza tu. Kama zingekuwa mpya ningeshika kona.” Aliisema yote kwa haraka, kama mtu aliyeirudia kichwani mara nyingi, huku akitazama barabara ikikimbia nyuma yao. “Si baiskeli. Baiskeli ilikuwa fiti.”

Viganja vyake vilikuwa vimelala mapajani, vimefunguka juu. Ngozi ya kati ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na vidole vilikuwa nusu vimekunjika. Havikuweza kukunjika kabisa wala kunyooka. Mirriam alivitazama. Lile neno, kwamba kosa lilikuwa lake, lilikuwa kinywani mwake, lote, tangu alipoigeuza ile sketi ndani nje. Angelitoa, lingempunguzia uzito. Lakini aliona kwamba mtoto ameipeleka ile baiskeli mpaka mwisho akiwa ameubeba uzito huo peke yake, tangu siku ya kwanza aliposimama mlangoni, na sasa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumpa bibi yake, nacho ni hiki.

“Nilizibonyeza mimi mwenyewe kule kwa Wehliye,” alisema. “Nikaona ni nzima.”

“Kwa macho huwezi kujua.”

“Tairi za siku hizi.”

“Eeh. Za siku hizi.”

Shirleen alishusha pumzi, na kichwa chake kikaja taratibu mpaka kwenye bega la bibi yake. Baada ya kitambo alikuwa amelala, mdomo wazi, vumbi jekundu limeshika kope. Pikapu iliingia kwenye mashimo. Baiskeli ilianza kuteleza juu ya bati, ikija kuelekea goti lililoumia, naye Mirriam akaikamata kwa mkono wa kulia, kwenye lile bomba refu, akaizuia. Mkono wa kushoto alikuwa amemzungushia mtoto. Kila shimo liliwavuta wote wawili upande wake, na kila mara aliwarudisha. Bega lilianza kumuuma. Mbele, majengo ya kwanza ya mji yalikuwa bado hayajaonekana.